Mume wangu anakoroma mpaka watoto wanagonga ukuta: ni uchovu au ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 44, ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Akiwa nyumbani anakoroma mpaka watoto wa chumba cha pili wanagonga ukuta. Mama mkwe anasema ni uchovu wa barabara, na kwamba marehemu baba mkwe naye alikuwa hivyohivyo. Jirani anasema ana kimeo kirefu, akakatwe. Mwenyewe anabisha, anasema hakoromi kabisa. Siku hizi hata mtoto wetu wa miaka 5 ameanza. Naomba kujua, kwa nini watu wanakoroma? Ni ugonjwa? Na je, nikihamia chumba cha watoto nitakuwa nimekosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na huyo bwana anayebisha. Msimwite mwongo. Mtu anayekoroma hajisikii. Hata mkoromo wake unapomgutusha, anagutuka kwa sekunde mbili tatu tu, na asubuhi hakumbuki kitu. Miaka yote niliyokaa kliniki ya masikio, pua na koo, wanaokoroma ni nadra kuja wenyewe. Wanaletwa. Wengi wanaletwa na wake zao, vijana wanaletwa na wenzao wa bweni, na dereva mmoja aliletwa na utingo wake, ambaye alikuwa amechoka kulala uvunguni mwa lori ili na yeye apate usingizi.

Sasa chukua kioo na tochi ya simu. Fungua mdomo, sema "aaa". Peleka ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno, uisogeze kuelekea kooni. Utahisi paa gumu la mdomo linafika mahali linaishia, na kutoka hapo panakuwa laini. Hapo ndipo kaakaa laini linapoanza. Katikati yake kinaning'inia kijinyama kama tone la maji linalotaka kudondoka. Hicho ndicho kimeo. Kulia na kushoto kuna tezi mbili, tonsesi. Chini kuna shina la ulimi, ambalo kioo hakikuonyeshi lote. Nyuma ya vyote hivyo ndiko hewa inakopita kutoka puani kwenda mapafuni.

Njia hiyo haina mfupa wala gegedu la kuishikilia isibonyee. Papasa shingo yako chini ya kikoromeo, utagusa vitu vigumu kama pete: bomba la hewa limejengwa kwa pete za gegedu, ndiyo maana halijikunji. Lakini juu ya hapo ni misuli na nyama laini tu, kwa kuwa njia hiyohiyo tunaitumia kumeza, kupumua na kusema. Ingekuwa ngumu kama bomba la chuma, tonge la ugali lisingeshuka. Mchana misuli hiyo inaiweka njia wazi bila sisi kujua. Tukilala, inalegea kama inavyolegea mikono na miguu.

Umewahi kunywa juisi nzito ya parachichi kwa mrija mwembamba? Ukivuta taratibu inapanda. Ukivuta kwa nguvu, kuta za mrija zinajikunja, zinagusana, juisi inakwama njiani. Koo la mtu aliyelala linafanya vilevile. Mapafu yanapovuta hewa, mvuto unazileta kuta laini za koo kuelekea katikati. Njia ikishakuwa nyembamba, hewa inalazimika kupita kwa kasi, na kasi hiyo inazidi kuzivuta kuta. Zinagusana, zinaachana, zinagusana tena, makumi ya mara kwa sekunde moja. Huo mtikisiko wa kaakaa, kimeo, kuta za koo na wakati mwingine shina la ulimi ndio mkoromo.

Mumeo ataelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa chuoni. Mwambie hivi: turubai la lori likifungwa kwa kamba zilizokaza, linakaa kimya hata akiwa spidi 80. Kamba moja ikilegea Chalinze, mpaka afike Mikumi linampigia ngoma. Upepo ni uleule.

Kila mtu koo lake hulegea akilala. Tunatofautiana kwa upana wa njia tuliyoanza nayo na kiasi kinacholegea. Mafuta ya mwili hayakai tumboni peke yake. Yanajipanga pembeni mwa koo na hata ndani ya ulimi wenyewe. Azima futi ya fundi cherehani umpime mumeo shingo. Ikizidi sentimita 40, hiyo ni alama mojawapo tunayoihesabu tunapoamua nani apimwe usingizi. Dereva wa masafa marefu anakaa saa 12 kwenye kiti, anakula chipsi mayai saa tano usiku, kisha analala. Simlaumu, ndiyo kazi yake, lakini shingo inaongezeka.

Wapo wembamba kama mwanzi na wanakoroma kuliko wanene. Hao wengi wana taya la chini dogo au lililorudi nyuma, ulimi unakosa nafasi. Umbo la taya na la kaakaa linarithiwa, kwa hiyo mama mkwe yuko sahihi nusu: kweli baba na mtoto wanaweza kukoroma sawasawa. Ningependa tu kujua marehemu aliondoka kwa ugonjwa gani. Kama ilikuwa presha, moyo au kiharusi, mtajie daktari atakayemwona mumeo.

Pua nayo. Ikiziba kwa mafua, aleji ya vumbi au ukuta wa katikati uliopinda, mtu anafungua mdomo, taya linarudi nyuma na ulimi unalifuata. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma katika chumba kilichofungwa madirisha unavimbisha pua za watu wengi. Weka chandarua, uache koili. Sigara inavimbisha pua na koo lote. Pombe inalegeza misuli kupita usingizi wa kawaida, na ndiyo sababu mtu asiyekoroma anakoroma usiku wa harusi. Vidonge vya usingizi kama diazepam vinafanya kazi hiyohiyo. Kulala chali kunauacha ulimi udondokee nyuma.

Wanaume wanatuzidi, lakini mtutunzie heshima: homoni za kike zinalilinda koo mpaka ukomo wa hedhi, na baada ya hapo wanawake tunawafikia. Mjamzito wa miezi ya mwisho naye anaweza kuanza kukoroma kwa sababu pua na koo vinavimba. Akikoroma na presha ikapanda, aliseme kliniki.

Mkoromo unaokwenda kwa mdundo mmoja usiku kucha unakera, na unaweza kuvunja ndoa, lakini mara nyingi hauna hatari kubwa. Ninaoutafuta mimi ni mkoromo unaokatika.

Miaka kadhaa iliyopita, saa tatu asubuhi, benchi la nje ya chumba changu lilikuwa limejaa. Bwana mmoja mnene, fundi makenika, alikuwa amelala amekaa, kidevu kifuani, faili mapajani. Anakoroma, watu wanacheka. Mara akanyamaza. Nesi akasema, "Afadhali." Mimi nikatazama saa ya ukutani. Tumbo lake lilikuwa linapanda na kushuka, linahangaika, lakini puani na mdomoni hapaingii wala hapatoki kitu. Sekunde 10. Sekunde 15. Sekunde 20. Ilipofika 26 akashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji. Faili likaanguka, akaliokota, akalala tena. Ile "afadhali" ya nesi bado ninaisikia kila mke anaponiambia, "Usiku wa manane ananyamaza kidogo, na mimi napata nafuu."

Pale koo lilikuwa limejifunga kabisa. Kifua kinavuta, njia imefungwa, oksijeni kwenye damu inashuka. Ubongo unapiga kengele, unamwamsha kidogo, misuli inakaza, hewa inapita kwa kishindo, analala, koo linalegea tena. Tunahesabu kila kukatika kwa pumzi kunakofika sekunde 10 au zaidi, pamoja na nyakati ambazo pumzi inapungua sana bila kukatika kabisa. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Piga hesabu: 30 kwa saa, saa saba za usingizi, ni zaidi ya mara 200 kwa usiku mmoja. Mwili unaopitia hayo miaka mingi unapandisha presha, tena ile inayokataa kushuka hata mgonjwa akiongezewa dawa. Moyo unaanza kwenda bila mpangilio, kiharusi kinasogea. Asubuhi kichwa kinauma na mdomo umekauka. Usiku anaamka kukojoa mara tatu, wanasema ni kisukari au tezi dume, kumbe ni pumzi. Hamu ya tendo la ndoa inapungua, na hilo hakuna anayelitaja mpaka nimuulize mimi.

Halafu kuna usingizi wa mchana, na hapa ninazungumza na wewe kama mke wa dereva. Mtu mwenye tatizo hili yuko kwenye hatari ya ajali ya gari zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Muulize bila kumgombeza: akiwa kwenye foleni ya mizani Vigwaza, anasinzia? Amewahi kujikuta amepita mji hakumbuki aliupitaje? Kabla ya kushuka Kitonga anahitaji vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, au anatafuna mirungi? Kahawa na kopo vinafungua macho, lakini usingizi aliokosa bado hajaupata. Daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, alitunga mwaka 1991 maswali 8 ambayo tunayatumia mpaka leo: una uwezekano gani wa kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukiwa kwenye gari lililosimama dakika chache kwenye foleni, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Akizidi alama 10 kwenye jumla ya 24, namtaka kliniki. Dereva akinijibu kwamba anasinzia akiwa ameshika usukani, simhesabii tena alama. Namwambia apumzike kuendesha mpaka apimwe, na najua maana yake kwa kipato cha nyumba.

Mtoto ni habari nyingine, na kwa kweli ningeanza naye. Mtoto akikoroma wakati wa mafua si neno. Akikoroma karibu kila usiku akiwa mzima, ana sababu, na kati ya miaka 2 na 8 sababu hiyo mara nyingi ni tonsesi kubwa na nyama za pua, ile tezi iliyojificha nyuma ya pua. Katika umri huo tezi hizi huwa kubwa kuliko nafasi ya koo. Mtazame usiku: analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma kama anatazama dari, jasho limelowesha mto? Amerudia kukojoa kitandani? Mchana mtoto wa hivi hasinzii kama mtu mzima. Anakuwa mtundu kupita kiasi, hatulii darasani, mwalimu anaandika "hasikilizi". Wengine hawakui vizuri, maana homoni ya kukua hutoka zaidi katika usingizi mzito. Kama ana selimundu, usisubiri hata wiki, kwa sababu oksijeni ikishuka usiku chembe zake za damu zinaharibika zaidi. Daktari akithibitisha, kuondoa tezi hizo kunawaponya watoto wengi, na hapo si kimeo kinachoondolewa.

Tufike kwa jirani na kimeo chake. Katika nchi yetu kimeo kimebeba lawama nyingi: kikohozi, kutapika kwa mtoto, kukonda, sasa na kukoroma. Anayekata anakuja na wembe au kamba, pengine huohuo uliopita kwa mtoto wa nyumba ya jirani. Nimeona wanaoletwa usiku wanatapika damu. Mtoto wa miaka 5 hana damu nyingi ya kupoteza. Kuna pepopunda, kuna usaha, kuna virusi vinavyosafiri kwenye kiwembe. Na jirani atashangaa kusikia hili: kimeo kinachotikiswa kila usiku kinavimba na kurefuka. Mara nyingi urefu wake umeletwa na mkoromo. Ukikikata, taya, ulimi na shingo viko palepale. Madaktari wa upasuaji nao wana operesheni ya kupunguza kaakaa na kimeo, iliyopata umbo lake la sasa Marekani mwaka 1981, lakini tunawachagulia wachache baada ya kuwapima, na hata kwao mkoromo unaweza kurudi baada ya miaka.

Mwaka huohuo wa 1981 ndipo kilipotangazwa kitu kilichobadilisha kazi yetu. Kabla yake, mgonjwa mwenye hali kali alitobolewa shingo ili apumulie chini ya koo lililoziba. Daktari Colin Sullivan wa Sydney na wenzake walichukua mota ya kifyonza vumbi, wakaigeuza ipulize badala ya kuvuta, wakaunganisha bomba mpaka puani kwa mgonjwa. Hewa inayosukumwa taratibu inaziweka kuta za koo mbali, kama upepo unavyojaza tanga. Waliripoti wagonjwa watano, na usiku wa kwanza tu pumzi hazikukatika. Mashine hiyo, CPAP, leo ni ndogo kama mkebe wa mkate na bado ndiyo tiba ya kwanza kwa hali ya kati na kali. Ni ghali, inahitaji umeme, na wiki mbili za mwanzo mgonjwa anaichukia. Dereva anaweza kuitumia ndani ya kebini kwa betri. Kwa hali nyepesi kuna kifaa cha daktari wa meno kinachovaliwa juu ya meno na kulisogeza taya la chini mbele.

Uzito nao usiuchukulie kama mahubiri ya kawaida ya madaktari. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba waliopungua asilimia 10 ya uzito walipunguza kukatika kwa pumzi kwa takriban asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 100 hizo ni kilo 10 tu. Kuna pia mazoezi ya ulimi na koo. Huko Brazil mwaka 2009 wagonjwa wa hali ya kati waliyafanya kila siku kwa miezi mitatu wakapata nafuu ya kweli, na Uswisi mwaka 2006 watu 25 walijaribiwa kwa kupuliza tarumbeta ndefu ya wenyeji wa Australia. Kwa waliopuliza, usingizi wa mchana ulipungua kuliko kwa wasiopuliza. Majirani zao sijui walisemaje.

Usiku wa leo fanya haya. Shona mfuko mgongoni mwa fulana yake ya kulalia, uweke mpira wa tenisi au soksi iliyofungwa kwa ukubwa huo. Akigeuka chali mpira huo utamkera, atalala ubavu. Usimrundikie mito, inakunja shingo na kuibana njia. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa tofali mojamoja. Bia, kama anakunywa, iishe saa nne kabla ya kulala. Matone, asali na mafuta unayouziwa dukani havifiki kwenye misuli iliyolegea, hifadhi hela yako.

Kisha rekodi. Weka simu kwenye stuli karibu na kichwa chake, rekodi dakika kumi, hasa alfajiri, maana kuelekea asubuhi ndoto zinaongezeka na misuli inalegea zaidi. Ukisikia kimya, hesabu sekunde kwa sauti ya chini ili nazo ziingie kwenye rekodi. Fanya hivyo siku tatu tofauti, na siku moja kwa mtoto. Nenda nazo hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, pamoja na vipimo vya presha, ukubwa wa shingo na majina ya dawa anazomeza. Rekodi hiyo itamaliza na ule ubishi wa "mimi sikoromi", nimeona wanaume wakiisikiliza kwa mara ya kwanza, wanauliza, "Huyu ni nani?"

Kuhusu kuhama chumba, hujakosea kuwaza hivyo, na wewe unahitaji usingizi. Ila kwa sasa wewe ndiye kipimo pekee alichonacho. Maliza rekodi tatu kwanza, halafu hama.